"KWANI KULIKUWA NA KITU?" Mtu kanifutia simu nzima halafu ananiuliza hivyo!!

Kitasa_Kigumu (mwenye uzi)

Wakuu leo sisalimii mtu. Mnamjua, sitaji jina na sina haja ya kutaja, yule fundi wa "niachie mimi". Huyo huyo. Asiyemjua ana bahati yake, aishi nayo kimya kimya.

Iko hivi. Simu yangu iliishiwa chaji ikazima, nikachomeka, nikawasha, inawaka naona kule chini kona ya kushoto imeandikwa sefu modi. Apu zangu zote zimepauka utadhani zimefiwa, zile nilizopakua mwenyewe hakuna hata moja inayofunguka, kibodi niliyoizoea imeondoka imerudi ile ya kiwandani, ile saa kubwa niliyoweka pale mbele haipo. Nikasema si nizime niwashe tu. Nikazima nikawasha, sefu modi. Nikazima nikaenda kunawa uso nikarudi nikawasha, sefu modi. Mara tano! Na visirani vilianza kabla, siku mbili nzima simu haiiti, napandisha sauti juu, nikigeuka imeshuka yenyewe mpaka sifuri, nikibonyeza kitufe cha kuzimia inajipiga picha ya skrini, saa hizi nina picha za skrini nyingi kuliko ndugu. Samahani, NILIKUWA nazo. Nikajua hii ina jini.

Ndiyo nikampelekea. Hilo kosa langu, nalikubali, msinipigie kelele.

Kaichukua, kavua kava, kaigeuza geuza kama mtu anayechagua nyanya. "Hii virusi hii. Niachie mimi." Nikamwachia, sikwenda hata mbali, dakika kumi tu. Narudi simu inawaka inanikaribisha, inaniuliza natumia lugha gani. LUGHA GANI!! Simu niliyolala nayo kitanda kimoja miaka minne leo inaniuliza lugha. Namwambia fundi mbona hii inanisalimia kama hatujuani? Eti nimekusafishia. Nikamwambia na picha zangu je? Akaniangalia, anafuta kioo kwa pindo la shati, hana haraka kabisa, akasema, "Kwani kulikuwa na kitu?"

KWANI. KULIKUWA. NA. KITU.

Kulikuwa na picha 4,000 na ushee mwanaharamu wewe! Kulikuwa na namba za watu! Kulikuwa na sauti ya bibi yangu ananitumia salamu, na bibi mwenyewe hayupo tena. Yaani hakuuliza KABLA. Kafuta kwanza ndiyo kauliza. Ni kama mtu akubomolee nyumba halafu akuulize kwani mlikuwa mnaishi humu?

Halafu haijaisha, simu ikagoma kwenda mbele inataka ile akaunti ya Google iliyokuwemo mwanzo na paswedi yake. Paswedi nimeiandika wapi? KWENYE SIMU. Tumekaa pale nabahatisha majina ya paka wote niliowahi kufuga na yeye pembeni anapiga miayo. Ilipokubali akairudishia kava, akanyoosha mkono. Nikalipa. Ndiyo nililipa, msiniulize.

Sasa sikieni. Nimefika nyumbani simu ikaniomba ijizime ijiwashe imalizie masasisho. Ikazima. Ikawaka. Kona ya kushoto chini: SEFU MODI. Haya maneno naandikia kwenye kivinjari kilichokuja na simu maana ndicho pekee kinachonisikiliza. Kwani kulikuwa na kitu. Bado ananilia kichwani.

chaji_asilimia2

Uzi bila picha haunogi mkuu, lete picha

Kitasa_Kigumu

Picha nitoe wapi na ZIMEFUTWA ZOTE wewe mtu unasoma au unapita tu

chaji_asilimia2

😂😂😂 nimejiuliza mwenyewe nikajijibu mwenyewe

NjiwaWaUsiku

Namjua. Mimi nilimpelekea chaja tu akaniambia niachie mimi. CHAJA. Mpaka leo sijui iko wapi.

PanyaBuku

Mtoa mada usikasirike ila na wewe ni mzigo. Mtu mzima na akili zako unapeleka simu kwa fundi kwa ajili ya sefu modi? Ile kitu haijaharibu chochote, apu zako zilikuwepo, picha zilikuwepo, imezisimamisha tu zile ulizopakua ili ujue kama mojawapo ndiyo inasumbua. Unazima unawasha unatoka. Na simu nyingine ukishusha pazia la arifa kuna maandishi kabisa kwamba sefu modi imewashwa, unayagusa, inajiwasha upya yenyewe.

Kitasa_Kigumu

NILIZIMA NIKAWASHA MARA TANO nimeandika pale juu mara tano

PanyaBuku

Labda hukuzima, ulizima skrini tu 😂

BintiTulivu

Kinachonichekesha ni hiyo "virusi". Sefu modi ndiyo mahali pekee ambapo apu ya kihuni uliyopakua hairuhusiwi kukimbia, yeye kaviona virusi humo humo. Ni kama kumtafuta mwizi ndani ya selo halafu uchome kituo kizima.

Kitasa_Kigumu

Dada asante, wewe umenielewa. Na hapo hujasikia sauti yake alivyosema kwani kulikuwa na kitu. Ya mtu anayeuliza kama chai ina sukari.

Betri_Moto

Umeshasema mara sita mkuu

Kitasa_Kigumu

Na ya saba naileta, kwani kulikuwa na kitu!!!

MgeniNjoo001 (amejiunga leo)

Mimi nadhani tusiwe na haraka ya kulaumu mafundi. Fundi alifanya kazi yake. Mteja ndiye alitakiwa kusema kama simu ina vitu vya muhimu. Watu wengi hawana bakapu halafu lawama kwa fundi.

NjiwaWaUsiku

Amejiunga LEO jamani

chaji_asilimia2

😂😂😂😂 ni yeye

PanyaBuku

Fundi karibu jukwaani, chaja ya Njiwa umeiweka wapi

MgeniNjoo001

Mimi siyo fundi. Natoa maoni tu. Na kuriseti ndiyo njia ya uhakika.

BintiTulivu

"Njia ya uhakika" 😭 na imerudi kwenye sefu modi kabla haijamaliza hata siku

Mzee_Kipaza

Vijana tulieni kidogo. Mtoa mada nina maswali mawili. Hilo kava ni jipya? Na hizo siku mbili sauti inashuka yenyewe zilianza ulipolivaa?

Kitasa_Kigumu

Kava ni la juzi ndiyo, gumu hilo, la kuzuia simu isivunjike. Sasa kava linahusiana nini na mimi kufutiwa picha mzee wangu

Mzee_Kipaza

Linahusiana lote. Simu nyingi za Android wakati zinawaka ukiwa umeshikilia kitufe cha kupunguza sauti, zinaingia sefu modi. Ndivyo zilivyotengenezwa. Kava lako limekigandamiza hicho kitufe muda wote. Ndiyo maana sauti inashuka yenyewe. Ndiyo maana ukibonyeza cha kuzimia inapiga picha ya skrini, kwa sababu kuzimia na kupunguza sauti kwa pamoja ndiyo picha ya skrini. Na ndiyo maana kila ukiwasha unarudi kule kule hata uwashe mara mia. Vua kava, bonyeza kile kitufe mara mbili tatu uone kinarudi juu vizuri, kisha zima uwashe. Usilirudishe kava mpaka imalize kuwaka. Kama hata bila kava inarudi, basi kitufe chenyewe kimeganda na vumbi, hapo ndiyo kazi ya fundi, ila siyo huyo.

Betri_Moto

Ngoja

Betri_Moto

NGOJA KWANZA. Fundi alivua kava. Akafuta simu. Simu ikawaka vizuri. Akarudisha kava. Ikaharibika. Yaani simu ilipona ALIPOVUA KAVA, kule kufuta kulikuwa burudani yake binafsi

chaji_asilimia2

😭😭😭😭😭😭 naomba maji

NjiwaWaUsiku

Mtoa mada yuko wapi? Njoo utupe majibu

Kitasa_Kigumu

Imetoka.

PanyaBuku

Hebu rudia hatujasikia

Kitasa_Kigumu

Nimesema IMETOKA. Nimevua kava nikazima nikawasha, kona haina maandishi, sauti haishuki. Sekunde arobaini. Picha 4,000 na bibi yangu kwa kitu cha sekunde arobaini.

BintiTulivu

Pole sana. Kabla hujakata tamaa ingia kwenye Google Photos kwa ile akaunti yako, wengine huwa zinapanda huko zenyewe na mtu hajui. Usimlipe mtu yeyote anayekuahidi kuzitoa kwenye simu yenyewe, hizi simu za sasa data imefungwa kwa ufunguo, ukiriseti na ufunguo unafutwa, hata kama vipande vimebaki mle hakuna wa kuvisoma.

Kitasa_Kigumu

Nimeingia. Zipo mpaka mwaka juzi, hapo kati niliwahi kuzima kwa sababu ilikuwa inanimalizia bando. Sauti ya bibi ilikuwa WhatsApp, nasubiri meseji ya namba za siri nione kama kuna bakapu

Mzee_Kipaza

Ikikuuliza kama urudishe bakapu usiruke hapo. Wengi huwa wanaruka.

PanyaBuku

Swali la mwisho mimi nikalale. Kava ulinunua wapi?

Kitasa_Kigumu

...

PanyaBuku

Mkuu

Kitasa_Kigumu

Kwake.

chaji_asilimia2

NIMEANGUKA KITANDANI

NjiwaWaUsiku

Na alikuvalisha yeye mwenyewe eh

Kitasa_Kigumu

Aliligonga gonga na kiganja likakaa. Akasema hili halitoki

MgeniNjoo001

Makava yako sawa, inategemea na simu ya mteja.

BintiTulivu

😂😂😂😂😂 sasa "mteja" wa nani wewe si unatoa maoni tu

Betri_Moto

Mnalia na sefu modi nyie mna raha. Yangu siku moja mkutano mzima kimya, mkubwa anaongea, naishika tu mfukoni ikaanza kusoma kila kitu kwa sauti. Meseji zote. Kwa sauti ya kike ya taratibu. Nikiigusa inasema nimegusa nini. Nikitaka kuizima inaniambia gusa mara mbili. Watu walijua deni langu lote pale.

PanyaBuku

Hiyo TalkBack, ni ya kuwasaidia wasioona. Ulishikilia vitufe vyote viwili vya sauti pamoja sekunde tatu. Unaizima hivyo hivyo.

Betri_Moto

Leo ndiyo naambiwa?? Nilitoa betri. Na simu yenyewe haikuwa ya kutoa betri.

NjiwaWaUsiku

😂😂 ulitoaje sasa

Betri_Moto

Usiniulize

chaji_asilimia2

Afadhali nyie. Mimi simu yangu inaniletea matangazo hata nikiwa nimeifunga, naangalia saa tu linakuja tangazo la mchezo wa kupanga matunda

Mzee_Kipaza

Hiyo ndiyo kazi halisi ya sefu modi. Simu ikiwa imewaka, leta ile menyu ya kuzima, shikilia kidole kwenye maandishi ya kuzima mpaka ikuulize, ingia. Matangazo yakikatika ujue ni apu uliyopakua mwenyewe, anza kuondoa ya karibuni moja moja. Mara nyingi ni apu za tochi.

chaji_asilimia2

Mzee sitaki kabisa kuingia huko baada ya uzi huu

NjiwaWaUsiku

Jamani nimejaribu hiyo ya vitufe viwili nione kama ni kweli na sasa simu inaongea, inasoma majina yenu, inazimwaje

PanyaBuku

Vile vile, viwili kwa pamoja sekunde tatu

NjiwaWaUsiku

Nimebonyeza imepiga picha ya skrini

PanyaBuku

Hicho ni cha kuzimia Njiwa, vya SAUTI viwili

NjiwaWaUsiku

Inasema "PanyaBuku, hicho ni cha kuzimia Njiwa" nyumba nzima imeamka