Riwaya ya mjane mkutubi, London 1940: kumbukumbu za maktaba zingeonyesha mumewe alisoma nini?

Kalamu77
Wakuu, nina mswada mkononi. Mhusika ni mama wa watoto wawili, mumewe kafia Dunkirk, pwani ya Ufaransa, vitani mwishoni mwa Mei 1940, naye anafanya kazi maktaba ya umma mashariki mwa London. Kiini cha hadithi: anakuta orodha ya vitabu vyote alivyoazima marehemu. Inawezekana? Na asingelazimishwa kwenda kiwandani? Kuna pia sura ya bomu: vitabu vinalowa, vinaanikwa, vyote vinapona.

RafuYaNyuma
Orodha hiyo haipo. Maktaba nyingi za Uingereza zilitumia mfumo wa Browne. Kila kitabu kina kadi yake, imechomekwa kwenye mfuko uliobandikwa ndani ya jalada. Msomaji ana tiketi, yaani vifuko vidogo vya karatasi ngumu vyenye jina na anwani yake. Tiketi moja, kitabu kimoja. Akiazima, mkutubi anachomoa kadi ya kitabu, anaitia ndani ya tiketi, anagonga muhuri wa tarehe ya kurudisha kitabuni, kisha anapanga tiketi kwenye trei nyuma ya kibao cha tarehe hiyo. Kitabu kikirudi, kadi inarudi mfukoni na msomaji anapewa tiketi yake. Kinachobaki ni mihuri ya tarehe, isiyosema nani.

Ila usiifute sura. Kitabu *kisichorudi* ndicho kinachoacha jina. Kama mume aliondoka nacho, kadi bado imo ndani ya tiketi yake, kwenye fungu la waliochelewa. Mkewe anaikuta anapopitia trei ili aandike barua za kudai vitabu. Hii inauma kuliko orodha ya vitabu hamsini.

Mvinjari
Kuhusu kazi: sheria ya Desemba 1941 iliwaita kwenye utumishi wa vita wanawake wasioolewa na wajane *wasio na watoto*, miaka 20 hadi 30. Mhusika wako yumo nje. Wizara ya Kazi nayo haikuwapangia kazi kwa lazima kina mama wenye watoto wa chini ya miaka 14 wanaoishi nyumbani, kwa hiyo ukiwapeleka watoto shamba na wahamishwaji (watoto waliotolewa mijini kwa hofu ya mabomu), unamwondolea kinga. Tumia hilo.

Halmashauri nyingi ziliwaachisha kazi wanawake walipoolewa. Basi mpe historia hiyo: aliacha kazi siku za harusi, amerudi akiwa mjane. Pensheni usiikosee: zile shilingi 10 kwa wiki za sheria ya 1925 ya pensheni za wajane zilitokana na michango ya bima ya mume. Mjane wa askari aliyefia vitani alilipwa pensheni ya vita, kulingana na cheo cha marehemu.

Kalamu77
Asanteni sana. Na bomu?

RafuYaNyuma
Vyote havitapona. Karatasi zinazong'aa, za vitabu vya picha, zikikauka zikiwa zimefungana zinagandana kama tofali, na ukungu huanza ndani ya siku mbili tatu. Vilivyolowa chapachapa hulazwa, maana kurasa zake ni dhaifu. Vyenye unyevu husimamishwa vikiwa vimefunguliwa kidogo penye upepo, na karatasi ya kunyonya maji kila baada ya kurasa kadhaa, ikibadilishwa mara kwa mara. Jua kali hupinda majalada. Cha kuokoa kwanza ni zile trei: zikiungua, maktaba haijui tena vitabu vyake viko kwa nani.

Bomu dogo la moto lilikuwa na uzito wa kilo moja hivi, la magnesiamu. Asilimwagie ndoo ya maji, litarusha cheche kali. Pampu ya mkono ilikuwa na mdomo wa namna mbili: manyunyu kwa bomu, mkondo kwa moto uliosambaa.

Mvinjari
Soma kuhusu Bethnal Green, mtaa wa mashariki mwa London. Maktaba yake ilipigwa 7 Septemba 1940, kisha ikafunguliwa nyingine ndani ya stesheni ya treni ya chini ya ardhi ambayo ilikuwa haijamalizika kujengwa na watu wakijikinga humo na mabomu, yenye vitabu kama 4,000, pembeni ya vitanda vya deka vya watu 5,000. Ukifika 3 Machi 1943, watu 173 walikufa kwa kukanyagana na kubanwa kwenye ngazi zake, bila bomu kuanguka pale. Magazeti yalizuiwa kutaja mahali, kwa hiyo mhusika asisome jina la stesheni gazetini kesho yake. Apate habari kwa majirani.