Wastaafu wa Mtaa: ratiba ya kila siku na safari ya wiki 3

Bi Asha: Shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi. Mtu akisafiri wiki 3, katika ratiba yake ya nyumbani abebe nini, aache nini?

Mwalimu Daudi: Marahaba Bi Asha. Beba mambo matatu tu: saa ya kuamka, dawa, na kutembea kwa miguu. Bustani, vikao na usafi wa ua vibaki nyumbani. Saa ya kuamka ndiyo nanga. Usingizi huwezi kuulazimisha uje, lakini kuamka na kutoka nje kwenye mwanga wa asubuhi unaweza, na usiku unaofuata hujipanga wenyewe.

Mama Neema: Hapo kwenye dawa tusipapite haraka. Hesabu siku za safari, ongeza za wiki 1, zote ziingie begi la mkononi. Ziwe kwenye pakiti zake zenye jina lako, pamoja na nakala ya cheti cha daktari iliyoandikwa jina la dawa yenyewe, maana jina la kibiashara hubadilika nchi hadi nchi. Kile kisanduku cha kupangia dawa za siku 7 kijazeni mkishafika.

Mzee Salum: Na sisi wa insulini, mama?

Mama Neema: Hiyo ndiyo isikanyage kabisa kwenye mizigo ya chini ya ndege, mzee wangu. Inaweza kuganda, na ikishaganda imeharibika hata ikiyeyuka. Halafu ukielekea mashariki siku inafupika, dozi zinakaribiana, sukari inaweza kushuka mno. Magharibi siku inarefuka. Dozi zipangwe na daktari kabla ya kuondoka. Wa dawa za kifafa na wa dawa za kuzuia damu kuganda, nanyi vilevile.

Mwalimu Daudi: Nikazie hapo kwenye mashariki. Mwili huhitaji kama siku 1 kuzoea kila saa 1 ya tofauti, na kwenda mashariki ni kugumu zaidi. Tofauti ya saa 6 inakula karibu wiki. Kwa hiyo safari ya mbali ya siku 4 ni hasara: unarudi kabla mwili haujafika. Mstaafu habanwi na siku za likizo, basi aende mara chache, akae muda mrefu.

Bi Asha: Hilo nimelipenda sana. Na kutembea?

Mama Neema: Dakika 150 kwa wiki, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Siku ya safari yenyewe, mkikaa zaidi ya saa 4 kwenye ndege, basi au gari, damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya miguu. Simama utembee kila baada ya saa 1 au 2, na ukiwa umekaa inua visigino na vidole kwa zamu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya safari, hospitali siku hiyohiyo.

Mzee Salum: Upande wa nyumba: funga koki kuu ya maji, chomoa vifaa vya umeme. Mkirudi, fungueni madirisha, kisha kila bomba litiririke dakika kadhaa kabla ya kutumia. Bomba la mvua lifunikwe kwa mfuko uliotobolewa chini ili maji yasirushe vinyunyu. Maji yaliyolala zaidi ya wiki yanaweza kuota bakteria wa legionela, na mtu huwavuta kwa hewa mpaka mapafuni.

Mwalimu Daudi: Na siku 2 za kwanza baada ya kurudi msipange kitu. Ratiba nyingi huvunjikia hapo: mtu anashuka leo, kesho ana kliniki, keshokutwa kikao.

Bi Asha: Kliniki yangu imeangukia katikati ya safari.

Mama Neema: Omba ifanyike mapema, wiki 4 hadi 6 kabla ya kuondoka. Hapohapo uliza na chanjo. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na kama una miaka 60 au zaidi, daktari akupime kwanza kabla hujachomwa.