Toyo 45A au Linhof Technika? Natafuta kamera ya chuma ya 4x5 ya kutembea nayo

Kijana_wa_Kasese
Habari zenu wakubwa. Nimechoka na kamera yangu ya mbao ya 4x5 (filamu ya inchi 4 kwa 5). Mvua zikianza inavimba, fremu ya nyuma inakwama mpaka niigonge kwa kiganja. Nimeamua kuhamia chuma. Kuna mtu Nairobi anauza Toyo 45A, na mwingine Ujerumani ana Linhof Super Technika V. Wa Nairobi ameniwekea mpaka Ijumaa tu. Nichukue ipi? Hata Wista, ya chuma pia, nitaiangalia ikipatikana. Asanteni.

MzeeWaGiza
Kijana, umeuliza ununue ng'ombe gani na hujasema unataka maziwa au nyama. Una lenzi gani? Unapiga milima, majengo au watu? Unapanda kwa miguu au unapiga hatua kumi kutoka kwenye gari? Na bajeti yako ni shilingi ngapi? Usipojibu, kila mtu hapa atakutajia kamera yake mwenyewe.

Afande_Mstaafu
Linhof. Nimemaliza.

Haya, niongeze kidogo Mzee asinigombeze. Technika ukiifunga inakuwa sanduku. Lenzi ndogo inabaki ndani, kioo cha kulengea (kile cha nyuma unachotazamia picha) kina kifuniko chake, unaitupa kwenye begi unaondoka. Sehemu ya nyuma inavutika kwa vyuma vinne, unaigeuza na kuinamisha upendavyo, kisha unakaza na haitikisiki. Na ubao wa lenzi wa Linhof (bamba linaloshika lenzi mbele ya kamera) umekuwa kama sarafu ya dunia: Wista inaupokea, na nyingi za mbao pia. Ukibadilisha kamera kesho, mbao zako za lenzi zinakufuata. Toyo ina ubao wake wa milimita 110, uko peke yake.

NyaboLenzi
Afande, heshima yako ipo, lakini sanduku hilo linakaribia kilo 3 bila lenzi. Toyo 45A hivyo hivyo. Ongeza lenzi mbili, holda 10 (vibebeo vya filamu), kitambaa cheusi, stendi, maji, na koti la mvua. Mimi natumia kamera ya Intrepid ya mbao za tabaka, haifiki kilo moja na nusu. Imelowa msitu wa Bwindi mara mbili, nikaianika kivulini, ikaendelea na kazi. Huyu kijana shida yake labda ni mbao zisizopigwa vanishi vizuri, siyo mbao kwa ujumla.

Kama lazima iwe Toyo, tafuta 45CF. Ina kaboni, ni kama kilo 1.6.

Afande_Mstaafu
Dada, kilo 1.6 kwenye upepo wa mlimani ni bendera.

NyaboLenzi
Ndiyo maana Mungu aliumba mawe, Afande. Unatundika begi la mawe chini ya stendi.

Kijana_wa_Kasese
Samahani, nilikuwa kazini. Napiga mandhari. Mpango ni milima ya Rwenzori, njia ya Kilembe, mwezi wa kwanza kukiwa kikavu kidogo. Nina lenzi ya Symmar-S ya milimita 150 na nataka kuongeza pana ya 90 baadaye.

MzeeWaGiza
Hapo sasa tunaongea. Kwa 150 zote mbili ni sawa. Kwa 90 kuna jambo: kwenye Technika V lenzi pana inakaa karibu sana na mdomo wa sanduku, ukitaka kuipandisha juu, chuma cha juu kinakuzuia. Ndiyo maana Master Technika ya mwaka 1972 iliwekewa mlango mdogo unaofunguka juu. V haina. Toyo kwa 90 haina usumbufu huo. Ila mlimani kuinua lenzi si kazi ya kila saa kama kwenye majengo. Kuinamisha ndiko utakakotumia zaidi, ili lobelia (mmea wa mlimani) iliyo mbele yako na kilele cha nyuma vyote vitoke vikali.

Bajeti bado hujasema.

Fundi_wa_Katwe
Mimi nitasema kitu kimoja, na nitasema kwa urefu kwa sababu kiliniumiza.

Mwaka juzi nilinunua kamera ya chuma, jina nalificha, si kosa la kiwanda. Muuzaji wa mtandaoni huko nje, picha safi, skrubu zinang'aa. Nikalipa, nikalipa tena ushuru, nikalipa na mtu wa kuichukua. Nikaenda ziwa Bunyonyi siku tatu. Asubuhi ukungu umelala kwenye visiwa, namlipa mzee wa mtumbwi anisubiri nusu saa kwa kila shoti. Vipande 30 vya filamu. Kurudi nyumbani, kusafisha: kila negativu ina mstari wa moshi kwenye kona ile ile. Nikalaumu holda. Nikanunua holda nyingine, nikaenda maporomoko ya Sipi, vipande 12 tena. Mstari uko pale pale, kama alama ya ng'ombe.

Jirani yangu fundi redio ndiye aliyeniambia, "Ssebo (bwana), umewahi kuingiza tochi humo?" Tukasubiri usiku, tukazima taa, tukavuta mivukuto (ile ngozi ya mikunjo kati ya lenzi na filamu) mpaka mwisho na kuingiza tochi ndani. Nyota! Kila pembe ya mkunjo ina tundu. Mwili wa chuma ulikuwa mzima, ngozi ilikuwa imekufa zamani.

Nikajifanya mjanja. Nikampelekea fundi viatu, akanishonea mpya, ngozi nzuri kabisa, nyeusi, haipitishi hata dhambi. Ila ilikuwa nene. Kamera ikakataa kufunga! Hizi za chuma za kukunja mivukuto inatakiwa ikunjwe iwe nyembamba sana ndani ya sanduku. Mwisho nikaagiza nje iliyotengenezwa kwa modeli ile ile, na hapo ndipo nilipoanza kupiga picha.

Kwa hiyo kijana, Toyo au Linhof, sijali. Mwambie wa Nairobi aende chumbani usiku na tochi, akurekodie video.

MtuWaArua
Pole sana Fundi. Hiyo "haipitishi hata dhambi" naichukua.

Kijana, mwulize pia wa Ujerumani kuhusu kemu za kulengea (vipande vya chuma vinavyounganisha lenzi na dirisha la kulengea). Technika ina dirisha la kulengea bila kioo, lakini kemu huchongwa kwa lenzi yake. Ukiweka Symmar yako kwenye kemu ya lenzi nyingine, utalenga jiwe upate kichaka. Kwa mandhari si tatizo, utatumia kioo. Ila usilipie kitu usichotumia.

Na mbona hakuna aliyetaja Crown Graphic, ile kamera ya zamani ya Marekani? Bei rahisi, nyepesi.

Afande_Mstaafu
Kwa sababu kijana anakimbia mbao, nawe unamrudisha. Chini ya ile ngozi ya Crown ni mahogani.

MtuWaArua
Mahogani ya kavu, Afande. Yangu ni ya zamani kuliko mimi na haijawahi kuvimba.

NyaboLenzi
Ahsante! Na kuvu je? Mnaongea chuma chuma, kumbe lenzi ndiyo inayooza kwanza. Lenzi yangu ya kwanza niliiacha kwenye kifuko cha ngozi, kabatini, Entebbe. Miezi minne ikaota nyuzi kama buibui.

Kijana_wa_Kasese
Mimi naweka kwenye ndoo ya mchele.

NyaboLenzi
Mchele unaleta vumbi na wadudu, ndugu yangu! Nunua silika jeli, ile inayobadilika rangi, weka kwenye boksi lenye mpira. Ikilowa unaikausha kwenye sufuria, moto mdogo.

MzeeWaGiza
Mchele kula.

MtuWaArua
Turudi Rwenzori. Mwaka 1906 mpiga picha Mwitaliano Vittorio Sella alipanda huko na msafara wa Duke wa Abruzzi, akapiga kwa vioo badala ya filamu. Vioo! Sisi tunalia kilo 3. Ukiangalia theluji kwenye picha zake na iliyobaki sasa, unaelewa kwa nini mtu anabeba kamera kubwa.

Fundi_wa_Katwe
Alibeba yeye au wapagazi wa Kikonjo? Jina la Malkia Margherita wa Italia likakaa kileleni. Waliobeba, majina yao nani anayajua?

Kijana_wa_Kasese
Babu yangu upande wa mama alikuwa anasimulia habari hizo. Nitaanzisha mada yake.

Kuhusu stendi, ile niliyonayo ni ya kamera ya kawaida, ya alumini, imepinda mguu mmoja. Itafaa?

NyaboLenzi
Eh! Kumbe stendi ndiyo hujasema!

Afande_Mstaafu
Ahirisha kamera. Nunua stendi.

MtuWaArua
Fundi, kabla sijasahau, wewe si unachonga zile bamba za lenzi kwa alumini? Nataka mbili za Linhof. Tundu la shata (kifungio cha lenzi) ya saizi ya Copal 0.

Fundi_wa_Katwe
Milimita 34.6, nachonga. Ila pima shata yako kwanza kwa kalipa, ya mwisho niliyoletewa iliandikwa 0 kumbe ilikuwa Copal 1, ile inataka 41.6. Niletee shata yenyewe, usilete picha.

MtuWaArua
Nitaituma na basi la Jumatatu.