Ukakamavu wa miguu baada ya jeraha la uti wa mgongo: upunguzwe hadi kiasi gani?

Subira aliuliza:

Ndugu zangu, naomba mawazo ya wale mnaoishi na hali hii au mnaowahudumia wenye nayo. Uti wangu wa mgongo uliumia sehemu ya kifua, ila haukukatika kabisa, kwa hiyo bado nina nguvu kidogo miguuni na ninahisi mguso ingawa si kikamilifu. Kinachonitesa kuliko hata udhaifu wenyewe ni misuli kukaza: magoti hunyooka na kuganda bila mimi kutaka, mapaja hubanana wakati wa kujisafisha, usiku miguu hujirusha, na nikikanyagia ncha za vidole kisigino huanza kudunda mfululizo mpaka niligandamize goti kwa mkono.

Daktari aliniandikia baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, na amekuwa akiipandisha kidogo kidogo. Sikatai kwamba inasaidia. Hata hivyo, kadiri dozi inavyopanda ndivyo usingizi wa mchana unavyoniandama, na lililonishtua zaidi ni kwamba miguu imelegea kiasi cha kunishinda kusimama ili nihame kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, kazi niliyokuwa nikiifanya mwenyewe. Sasa, siku za karibuni, ukakamavu umerudi kwa nguvu ghafla licha ya vidonge. Je, niombe dozi ipandishwe tena, au niachane na dawa hii kabisa?

Mfiziotherapia alijibu:

Pole sana, ndugu Subira. Nianze na lenye hatari: usiache baklofeni kwa mara moja. Mwili uliokwisha kuizoea ukinyimwa ghafla unaweza kupata degedege, homa kali, kuona vitu visivyokuwepo na ukakamavu uliozidi ule wa awali. Dawa hii hupunguzwa hatua kwa hatua chini ya usimamizi wa daktari, na ni vyema usingoje vidonge vikuishie ndipo uende kutafuta vingine.

Kuhusu chanzo, misuli yako si mibovu. Kwa kawaida msuli unapovutwa, neva hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, nao uti huuamuru msuli ujikaze. Ubongo, kwa upande wake, hutuma chini ujumbe wa kuituliza amri hiyo isipite kiasi. Njia za ujumbe huo zikijeruhiwa, iwe kwa ajali, kiharusi, mtindio wa ubongo au ugonjwa unaoharibu ganda la neva, amri ya kukaza hubaki bila wa kuizuia. Ndiyo maana mguu wako ukinyooshwa kwa haraka unapinga, lakini ukinyooshwa polepole na kushikiliwa hapo kwa muda unaachia. Tabia hiyo ndiyo inayoutofautisha ukakamavu huu na ule wa ugonjwa wa Parkinson, ambao hubaki mgumu vilevile hata kiungo kikikunjwa kwa mwendo gani. Basi anayekusaidia asikuvute kwa pupa, hata kama ana haraka ya kumaliza.

Ama swali lako kuu, kwa maoni yangu limeulizwa mahali pake hasa. Ukakamavu hauondolewi kwa sababu upo. Hupunguzwa pale unapoleta maumivu, unapokatiza usingizi, unapozuia usafi au unapoharibu ngozi na viungo. Watu wengi wenye miguu dhaifu husimama kwa msaada wa ugumu huohuo, na dawa ikiuondoa wote, udhaifu uliokuwa umejificha chini yake hujitokeza. Ninaamini hilo ndilo lililokupata. Mweleze daktari wako waziwazi kwamba umepoteza uwezo wa kuhama kitandani, kwa kuwa akipima mguu wako ukiwa umelala ataona tu kwamba umelainika na ataridhika. Anaweza kuupanga upya mgawanyo wa dozi, kwa mfano iwe ndogo asubuhi unapohitaji kusimama na kubwa zaidi usiku. Mkumbushe pia kama una tatizo la figo, maana sehemu kubwa ya baklofeni hutolewa na figo, nazo zikiwa dhaifu dawa hujikusanya mwilini.

Gurudumu alijibu:

Dada Subira (niwie radhi kama nimekosea kukuita hivyo), mimi nina jeraha la aina hiyo kwa miaka mingi, na neno moja katika maelezo yako limenigusa: ghafla. Ukakamavu uliokuwa umetulia ukipanda ghafla, kabla hujafikiria kidonge tafuta kinachouchokoza mwili kule ambako huhisi vizuri. Anza na mkojo: kibofu kilichojaa, mpira wa mkojo uliojikunja au kuziba, maambukizi, mawe. Kisha choo kilichofunga. Kisha ngozi yote, hasa makalio, visigino na kiunoni, kwa kuwa kidonda cha mgandamizo huanza na wekundu ambao mtu huupuuza. Halafu mambo yanayoonekana madogo: ukucha ulioingia nyamani, kiatu kinachobana, mshono wa suruali uliokunjamana chini ya paja. Kwa mtu asiyehisi maumivu ipasavyo, miguu inayokaza ndiyo inayopiga kelele badala ya maumivu. Ukiinyamazisha kwa dozi kubwa bila kuuliza inalilia nini, ugonjwa unaendelea kukua chini kwa chini.

Kwa kuwa jeraha lako ni la kifua, fahamu na hili. Ikiwa liko kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake, uchokozi wa namna hiyo unaweza kulipandisha shinikizo la damu kwa kiwango cha kuhatarisha maisha. Kichwa kitagonga kwa nguvu, uso utawaka na jasho litakutoka juu ya sehemu iliyoumia. Hapo kaa wima mara moja, legeza nguo, hakikisha mkojo unatoka, na tafuta huduma ya dharura bila kuchelewa.

Binti Mlezi alijibu:

Namhudumia baba aliyepata kiharusi. Kwake tatizo ni mkono: vidole vilijikunja vikawa vinachimba kiganja, na kukata kucha kulikuwa vita kwake na kwangu. Vidonge vilimlaza bila kukifungua kiganja. Baadaye alichomwa sindano ya sumu ya botulinamu, ambayo hulegeza msuli unaochomwa, kwenye misuli ileile inayokaza. Haifanyi kazi siku hiyohiyo; huanza baada ya siku kadhaa hadi wiki mbili, na kwa kawaida nguvu yake hudumu takriban miezi mitatu. Kipindi hicho ndicho cha kumvisha gango na kumnyoosha vidole kwa bidii. Nimeitaja kwa sababu umesema mapaja yako hubanana: nijuavyo, hata misuli ya ndani ya paja huchomwa, na hivyo sehemu moja hulegezwa bila mwili mzima kulegea. Ulizia kama yupo karibu nawe daktari aliyefunzwa kazi hiyo.

Subira aliandika tena:

Nawashukuru kwa moyo wote. Gurudumu, hujakosea, mimi ni dada yako. Nimeuchunguza mkojo wangu kwa makini na kweli una ukungu na harufu isiyo ya kawaida, nami nitakwenda kupimwa. Nina swali dogo: daktari aliwahi kutaja tizanidini kama dawa mbadala. Na je, maji ya moto yanafaa?

Mfiziotherapia alijibu:

Joto la wastani huweza kulegeza misuli kwa muda, lakini kwa mtu mwenye hisia pungufu mfuko wa maji ya moto ni hatari, kwani ngozi huungua bila mwenyewe kujua. Mimi ningependelea usimame kila siku kwa fremu ya kusimamia ukiwa na msaidizi, ili vifundo vya miguu visijekuganda. Kiungo kikishafupaa, hakuna kidonge kitakachokirefusha.

Tizanidini nayo husinzisha, hukausha mdomo na huweza kushusha shinikizo la damu, na anayeitumia hupimwa ini. Kwa kuwa unakwenda kutibiwa mkojo, zingatia hili endapo utabadilishiwa dawa: tizanidini haichanganywi na siprofloksasini, antibayotiki inayoandikwa mara nyingi kwa maambukizi ya mkojo, kwa sababu huipandisha tizanidini katika damu hadi kiwango cha hatari. Chukua vidonge vyako vyote unapokwenda, na umwoneshe atakayekuandikia antibayotiki kabla hajaandika.