Kuni za baridi ya Juni: mwati, mlingoti au mabanzi ya paini?

Kipupwe_Njombe
Kamwene wadau. Naomba tulinganishe kuni za kutumia Juni hadi Agosti. Njombe mjini zinapatikana kirahisi za aina tatu: mwati (jamii ya mgunga), mlingoti (mkaratusi) na mabanzi ya paini, yaani mabaki ya pembeni ya magogo kutoka kwenye mashine za mbao. Jiko ni la matofali lenye dohani (bomba la moshi), linapika na kupasha sebule moto. Ninunue zipi, lini, na nizikaushe vipi?

Shoka_la_Uyole
Mkuu, anza na hilo la "lini", maana ndilo linaloamua mengine yote. Mvua zetu huanza Novemba na kukatika Aprili au Mei, na baridi inafuata hapo hapo. Kuni mbichi ya mwezi wa tano haipati nafasi ya kukauka kabla hujaihitaji. Miezi ya kukausha ni Agosti, Septemba na Oktoba, jua likiwa kali na upepo mkavu. Kwa hiyo kuni za Juni zinapasuliwa Agosti ya mwaka uliotangulia, na zinaingia chini ya paa kabla mvua ya kwanza haijadondoka.

Sasa aina. Mwati ndio wa kwanza kwangu: mzito, unawaka taratibu na kuacha makaa yanayodumu usiku. Tena mara nyingi magogo yake huuzwa yakiwa yameshabanduliwa magamba, kwa sababu magamba yanakwenda kutengenezwa tanini, dawa ya kusindikia ngozi. Gogo lisilo na gamba hukauka haraka zaidi.

Mlingoti una joto zuri pia, lakini upasue ungali mbichi. Ukikauka nyuzi zake zinashikana na shoka linagoma. Gogo nene usilipige katikati. Anza pembeni, umege vipande ukizunguka kuelekea kwenye moyo, na uwe na kabari mbili za chuma, moja ya kuikomboa nyingine ikinasa.

Mabanzi ya paini ni ya kuwashia na ya kupika haraka. Usiyategemee kukesha na moto.

Binti_Mufindi
Naomba kuyatetea mabanzi kidogo. Kwa mtu aliyechelewa, ndiyo pekee yatakayomwokoa. Banzi la unene wa sentimita 2 au 3, likipangwa juani kwa nafasi, linafaa kuchomwa baada ya wiki chache tu, wakati kipande cha mlingoti cha sentimita 10 kinataka miezi. Atakayenunua Mei achukue mabanzi, na mwati aupasue mwembamba, usizidi unene wa kifundo cha mkono.

Halafu urefu. Maji hutoka kwenye kuni kupitia ncha zilizokatwa kuliko ubavuni, kwa hiyo kuni ya sentimita 30 hukauka mapema kuliko ya mita moja hata kama unene ni ule ule. Kata kwanza kwa urefu wa jiko lako, ndipo upasue, ndipo upange. Wengi wanapanga magogo marefu wakisema watakata baadaye, na Juni wanakuta ndani bado maji.

Kuni kavu ina faida gani? Kilo moja ya kuni mbichi, nusu yake ikiwa maji, inatoa takriban megajuli 8 (megajuli ni kipimo cha joto). Kilo ya kuni yenye unyevu wa asilimia 20 inatoa takriban 14.

Dohani_Safi
Hesabu ya dada ni sahihi kwa kilo, ila isimdanganye mtu kwamba gogo lile lile likikauka litatoa joto karibu mara mbili. Gogo la kilo 2 bichi lina kilo 1 ya mti na kilo 1 ya maji: megajuli kama 16. Likikauka linabaki kilo 1.25, na hapo ni kama 18. Maji yenyewe yanakula sehemu ndogo. Hasara kubwa iko kwenye moshi. Moto wa kuni mbichi haupati joto la kutosha kuunguza gesi zinazotoka kwenye mti, basi zinapanda na dohani zikiwa hazijaungua, zinapoa humo na kuganda kuwa lami nyeusi. Lami hiyo ndiyo inayoshika moto.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema paini inaharibu dohani kwa sababu ya utomvu. Paini kavu kwenye moto wenye hewa ya kutosha haina tatizo. Mwati mbichi uliofunikiwa mlango wa jiko ili ulale hadi asubuhi unaziba bomba kuliko paini yoyote. Masizi yakifika unene wa milimita 3, safisha: fungu la katani kwenye kamba, lenye jiwe la kulivuta chini.

Mkitumia kipima unyevu, pasua kipande kwanza na upime katikati ya uso mpya. Nje kutaonyesha pakavu hata mwezi wa kwanza. Vipimo hivi huhesabu maji kwa uzito wa mti mkavu, kwa hiyo asilimia 20 ya dada itasomeka 25. Asiyenacho atie alama vipande vitatu, avipime kwa mizani kila wiki. Vikiacha kupungua, lundo liko tayari.

Shoka_la_Uyole
Hapo kwenye moshi umeniongezea kitu, Dohani.

Kuhusu kupanga: weka miti miwili au matofali chini ili lundo lisimame sentimita 15 hadi 20 juu ya udongo, la sivyo mchwa watakula kabla yako. Acha shubiri moja kati ya lundo na ukuta wa nyumba. Turubai lifunike juu tu. Wanaolizungushia hadi chini wanafungia mvuke ndani, na wakifunua wanakuta ukungu na paini imegeuka rangi ya buluu.

Binti_Mufindi
Jambo moja zito kwa watu wa Iringa, Mafinga na Njombe, kwa sababu viwanda vya kutibu nguzo viko karibu nasi. Vipande vya nguzo vyenye rangi ya kijani kibichi vimetiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki hutoka na moshi, nyingine hubaki kwenye majivu. Visichomwe kabisa, hata kama unapewa bure, na majivu yake yasiende bustanini. Nguzo nyeusi zenye harufu ya lami nazo hivyo hivyo.

Kipupwe_Njombe
Ndugu zangu, nimewaelewa vizuri. Na kiasi je?

Dohani_Safi
Pima kuni kavu unazotumia siku moja ya baridi. Tuseme kilo 8. Juni hadi Agosti ni siku 92, hivyo 736. Lundo la mwati mkavu la mita 1 kwa 1 kwa 1 lina takriban kilo 430, maana karibu theluthi ni hewa. Unahitaji kama meta za ujazo 1.7. Mabanzi ya paini ni mepesi, lundo la kipimo hicho halifiki hata kilo 300.

Tukuyu_Mvua
Ndaga wakuu. Sisi wa Rungwe mvua haitupi Agosti ya jua kama yenu. Tufanyeje?

Shoka_la_Uyole
Kwenu paa linatangulia, ndugu. Jenga banda lisilo na kuta, paa litokeze nusu mita pande zote, na upande mpana uelekee upepo. Pasua vipande visizidi sentimita 8, panga safu moja moja badala ya mbili zilizogusana. Kuni za wiki moja mbele ziingie jikoni, kwenye kichanja cha juu mbali na cheche, zimalizikie hapo.