Viungo vya jikoni vina faida gani hasa kwa mgonjwa wa shinikizo la damu?

Binti Mkubwa

Habari zenu ndugu. Mama yangu ameambiwa na daktari apunguze chumvi kwa sababu ya shinikizo la damu, na tangu hapo kila jamaa huja na ushauri wake: huyu anasifu manjano, yule mdalasini, mwingine kitunguu saumu kibichi. Mimi ndiye ninayepika, na ningependa kufahamu ni kipi kina faida halisi kikitiwa kwenye chakula cha kila siku, na kama moto hauiharibu faida hiyo. Niongeze kwamba mama anameza pia dawa ya kuzuia damu isigande.

Mwanalishe

Pole kwa kuuguza, dada. Nianze na faida ambayo wengi huipuuza kwa kuwa haina mvuto: viungo hukuwezesha kupunguza chumvi bila chakula kuwa chapwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyokwisha kutiwa kwenye mkate na vyakula vya viwandani. Bizari nyembamba iliyokaangwa kavu mpaka ikaanza kunukia, tangawizi mbichi, pilipili manga iliyotwangwa papo hapo na ndimu inayokamuliwa chungu kikishaepuliwa huukolezea ulimi ladha kiasi kwamba upungufu wa chumvi hausikiki sana. Ipunguze kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, kwa sababu ulimi huzoea. Soma pia maandishi ya pakiti, kwani vidonge vya supu na viungo vilivyochanganywa tayari mara nyingi vimejaa chumvi.

Faida hii naiweka mbele ya sifa zote za manjano. Kurkumini, ambayo ndiyo inayosifiwa, ni takriban asilimia 3 tu ya unga wa manjano, na mwili huifyonza kwa shida. Utafiti mmoja wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba piperini ya pilipili manga huongeza ufyonzwaji huo mara 20 hivi, lakini watu waliopimwa walipewa gramu 2 za kurkumini tupu, kiasi ambacho kingehitaji zaidi ya gramu 60 za manjano, na hakuna anayetia kiasi hicho kwenye mchuzi. Pika nayo kwa rangi na ladha, ukiikaanga kwenye mafuta kidogo pamoja na pilipili manga, ila usiifanye mbadala wa dawa.

Mpishi wa Zamu

Kwa upande wa moto, kitunguu saumu ndicho kinachohitaji uangalifu zaidi. Alisini, yaani ile kemikali yake inayosifiwa kwa afya, haimo ndani ya punje nzima. Hutengenezwa na kimeng'enya pale punje inapopondwa, na kimeng'enya hicho hufa kwa joto. Kwa hiyo ponda kwanza, uache kwa dakika 10 hivi, ndipo ukitie kwenye sufuria. Ukikitia mara tu baada ya kukiponda, unabaki na ladha nzuri lakini alisini inakuwa haba.

Binti Mkubwa

Nashukuru sana. Je, mdalasini na ile dawa ya mama?

Mfamasia

Viungo kwa kiasi cha kawaida cha upishi kwa jumla havina tatizo. Ninachokihofia ni vidonge na dondoo za kitunguu saumu, tangawizi au manjano, kwa sababu vinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu kwa mtu anayetumia dawa kama hiyo, kwa hiyo mama asianze hata kimoja kabla ya kumweleza daktari wake.

Mdalasini uko wa aina mbili kuu. Ule wa kasia una kumarini, kemikali ya asili ambayo ikizidi inaweza kudhuru ini la baadhi ya watu. Kwa mtu mzima wa kilo 60 anayeutumia kila siku, gramu 2, ambazo hazijai kijiko cha chai, ndizo kikomo kinachoshauriwa. Ule wa Sri Lanka una kumarini kidogo mno. Nunua vijiti badala ya unga ili uweze kuvitofautisha: kasia ni gome nene na gumu lililojikunja mara moja, ilhali ule wa Sri Lanka ni tabaka nyingi nyembamba zinazovunjika kwa vidole.