Mteja anakuja na lawama ambayo si kosa la duka, nyie mnafanyaje?

Dada_wa_Sungura:
Wakuu habari zenu, nauza kwenye duka la wanyama wa kufuga nyumbani hapa Dar, sungura, samaki wa urembo, ndege na mara mojamoja watoto wa mbwa. Jumamosi kaja mama mmoja na sungura kwenye boksi na tishu imelowa mkojo mwekundu, toka mlangoni anapaza sauti tumemuuzia mnyama mgonjwa anakojoa damu, mtoto wake kalia usiku kucha. Nikamwambia mama hiyo si damu, ni rangi ya majani aliyokula, mkojo wa sungura unaweza kutoka njano ukafika mwekundu kabisa na yeye akawa mzima, hapo ndo nikawasha moto, "binti unaniona mjinga?" na wateja wengine wakaanza kuondoka. Bosi karudisha hela halafu nusu kasema ananikata kwenye mshahara. Imeniuma maana nilisema kweli na sungura mwenyewe muda wote alikuwa anatafuna boksi. Na kuna baba wa German Shepherd wa miezi mitatu, masikio yamelala, anadai tumempa mbwa koko. Mnawaambiaje watu wamekosea bila kugombana?

Mzee_Tangi:
Pole sana binti. Ulichosema ni sahihi ila ulikisemea mbele za watu, na mtu akishapiga kelele mbele za watu hawezi kurudi nyuma mbele ya hao hao. Mpe kiti pembeni, mshike mnyama umkague kabla hujafungua mdomo. Mimi wananiletea samaki waliokufa kwenye mfuko wa nailoni, sibishani, nauliza tu maji ulibadilisha lini, uliyatoa wapi, tangi ulioshaje. Anaanza kusimulia mwenyewe, kamwaga maji yote, kaosha changarawe na kichujio kwa sabuni, kajaza ya bomba na samaki kawarudisha saa hiyohiyo. Klorini, ile dawa ya maji ya bomba, inaunguza matamvua, na wale bakteria wanaokula uchafu wa samaki kawamaliza wote. Akifika hapo kwenye sabuni sauti inashuka yenyewe.

msaidizi_mifugo:
Nipo upande wa tiba. Rangi ya chakula huwa imeenea mkojo wote, damu mara nyingi inakuja kwa mabaka au michirizi, lakini dada usiape kwa macho tu, kuna vile vijiti vya kupimia mkojo, dakika chache mteja anajionea mwenyewe. Sungura jike aliyekomaa anaweza kweli kutoa damu kwa shida ya kizazi. Na mtoto wa mbwa akianza kuhara damu siku ya pili baada ya kununuliwa, hapo mteja yuko sahihi, parvo, ule ugonjwa wa virusi wa mbwa, alitoka nayo kwenu. Masikio ya huyo German Shepherd yaache, mengi yanasimama akifika miezi minne mpaka sita, akibadilisha meno yanaweza yakalala tena.

Mama_Kasuku:
Mwambieni mtu mambo haya siku anayonunua jamani, akiwa bado ana furaha. Ukimwambia baada ya tatizo inasikika kama unajitetea.

Dada_wa_Sungura:
Asanteni sana. Nimeandika karatasi ya mkono, kila sungura anatoka nayo, ya mkojo ndo ya kwanza. Baba wa mbwa nimempigia tumekubaliana anitumie picha ya masikio kila wiki, bado ana hasira ila kakubali. Mama wa sungura hapokei simu.